Kijiti cha Ndani

Yonathani Fupa alikuwa na raha moja ambayo hakuwahi kumwambia mchungaji. Jioni, akitoka zahanati na kukata kona ya shamba la ulezi, Ferista, mke wa mwanawe Ezron, alikuwa akimwona kwa mbali. Palepale binti wa watu anatua mzigo wa kuni, anajifunika khanga usoni na kutumbukia majanini mpaka baba mkwe apite. Yonathani alikuwa anapita polepole. Njia ilikuwa kavu na miguu yake mizima, ila alipita polepole, akikohoa kidogo kama mtu mzito, na siku hiyo hata ugali aliuona mtamu zaidi.

Ndiyo desturi ya Wandali, na pale Mbebe mwaka ule wa hamsini na tatu ilikuwa bado ina nguvu. Mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, hali naye, wala halitaji jina lake. Tena si jina tu. Hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa, akatafuta jingine la kulisitiri. Wakristo walikuwa wamepata njia ya kuulegeza mwiko huo: baba mkwe humpa mkwe wake kuku mbele ya watu, na kuanzia hapo wanasalimiana kama baba na binti. Mchungaji Enoka alikuwa amemkumbusha Yonathani zaidi ya mara moja, naye Yonathani alijibu, "Mavuno yakiisha." Mavuno yaliisha, yakaja mengine. Kuku walikuwepo tele uani kwake, wakiparura.

Desturi yenyewe haina kosa hapa. Wapo waliozeeka nayo na haikumdhuru mtu. Mwenye kosa ni Yonathani, aliyeifanya kuwa kiti cha kukalia.

Jina la Fupa alipewa na mama yake, kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa akiwa hana nyama ya kushika. Yonathani lilikuja baadaye na ubatizo. Watu wazima wa Mbebe waliendelea kumwita Fupa, hata alipokuwa dresa, mtibu wa zahanati mwenye koti jeupe. Kazi ya udresa alifundishwa kwenye hospitali ya misheni upande wa Mbozi, na kutoka huko alirudi na kanuni moja aliyoitangaza kuliko amri kumi: tazama kwanza, gusa pili, uliza tatu, dawa mwisho. Aliwasomea hata wenye upele. Mtu amekuja na mkono umebabuka, anasimamishwa kwanza aisikie kanuni.

Ferista alifika zahanati miezi michache baada ya Ezron kuvuka Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Mama yake Ezron alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na mama mkwe wa kumwangalia wala wa kumsemea. Alikuja peke yake akachechemea hadi nyuma ya pazia la amerikani, pale wanawake wanapokaa, na Yonathani alipotambua ni nani akageuka ukutani. Akamwita Enesi, mama wa Kinyiha aliyeajiriwa kufagia na kuchemsha vyombo.

"Nenda kamsikilize, uniletee maneno," alimwambia.

Enesi akaingia, akatoka. "Anasema kijiti kinamuuma. Kimo ndani, juu kidogo ya goti. Usiku ndiyo hakimwachi kabisa."

"Kijiti. Bila shaka kilimchoma akikata kuni," alisema Yonathani. "Akande kwa maji ya moto na chumvi, halafu apake hii dawa nyeusi. Kitatoka chenyewe."

Hakutazama, hakugusa, na kuuliza alimwachia mfagizi. Alianzia mwisho wa kanuni yake mwenyewe na hakuona kitu cha ajabu. Ferista aliondoka na kopo lake la dawa, naye Yonathani akaendelea kumsomea mtu mwenye jipu.

Ferista alirudi, na akarudi tena. Kila mara Yonathani alisimama upande huu wa pazia na Enesi akawa mjumbe. Goti limevimba, alisema Enesi. Vizuri, usaha unakusanyika, alijibu Yonathani. Uvimbe ni mgumu, hauna pa kubonyea. Utalainika. Ngozi inang'aa, na mishipa imejitokeza juu yake. Aongeze kukanda. Siku moja Enesi akaweka ndoo chini, akamkabili.

"Baba dresa, nimeona majipu mengi. Hili silijui. Njoo umwone mwenyewe."

"Mkwe wangu? Nimfunue mguu mkwe wangu?" Yonathani alicheka kidogo. "Unataka Mbebe nzima inicheke."

"Mbebe haiumwi."

"Mpe dawa nyeusi," alisema, na kujitia hamnazo.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi. Jioni njiani alimwona Ferista kwa mbali akijikokota kwenda kujificha, akiegemea fimbo, na safari hii yeye ndiye aliyeharakisha. Aligeuza uso. Desturi inamtaka ageuze uso, akajiambia, na desturi haijawahi kumfaa mtu namna ile.

Ikafika zamu ya Bibi Daktari kuzikagua zahanati za milimani. Alikuwa mama mrefu wa Kizungu, mwenye Kiswahili cha kukatakata na haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Alihesabu makopo, akanusa spiriti, akauliza nani yuko nyuma ya pazia.

"Mkwe wangu. Kijiti kilimchoma, tunakivuta," alijibu Yonathani.

Bibi Daktari akalivuta pazia kama anayefungua dirisha. Yonathani aligeuka ukutani kwa mazoea, na pale ukutani, akiwa ametazamana na picha ya Malkia mpya, alisikia mambo yote ambayo yeye hakuyafanya. Alisikia magoti mawili yakilinganishwa, lile zima na lile lenye ugonjwa. Alisikia Ferista akivuta pumzi alipoguswa. Alisikia swali, lilianza lini, na jibu lililosemwa kwa sauti ndogo, tangu wakati wa kupalilia.

"Yonathani," alisema Bibi Daktari, "mguu huu wewe umeutazama?"

Bibi Daktari hakuuliza mara ya pili, akaagiza machela.

Vijana wakambeba Ferista hadi barabarani, kutoka hapo wakapanda lori. Yonathani alikaa mbele na dereva na Ferista nyuma juu ya magunia ya kahawa, amejifunika. Kila lori liliporuka shimo, baba mkwe alikaza meno. Maumivu hayakuwa yake, lakini aliona ni haki ayapate hata kidogo.

Hospitali ile ya misheni ilikuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa, inayoendeshwa kwa jenereta. Walimpiga picha ya goti, halafu ya kifua. Wakati picha zinakauka, Bibi Daktari alimkalisha Ferista kitandani na kumwita nesi Anastazia awatafsirie. Yonathani alisimama mlangoni, mgongo ndani, uso nje.

"Bibi Daktari anauliza," alisema Anastazia, "hicho kijiti kilikuchoma siku gani?"

"Sikuchomwa."

"Dresa wenu ameandika umechomwa na kijiti."

"Sikusema nimechomwa. Nilisema kijiti kinauma. Kijiti cha ndani."

"Cha ndani ya nini, dada?"

"Cha ndani ya mguu. Kile ambacho kila mtu anacho. Nyama ikiliwa kinabaki, mbwa anapewa."

Anastazia alikaribia kucheka. "Si useme mfupa?"

Yonathani alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza upande.

"Siwezi," alisema Ferista. "Ni jina la baba."

Kuna aibu inayopanda usoni, watu wakaiona, nayo hupita. Hii haikupanda, wala haikupita. Binti alikuwa amemwambia siku ya kwanza kabisa, kwa heshima yote, kwamba mfupa unamuuma, unauma juu ya goti, unauma zaidi usiku. Na dresa yeyote aliyefundishwa angeyashtukia maneno hayo. Ferista alilisitiri neno kwa ajili yake. Kila Mndali anajua kwamba mke wa mwana husitiri maneno. Yonathani alijua. Lakini yeye alishazoea kuinamiwa, hakujiuliza hata mara moja heshima ile inaficha nini.

Bibi Daktari akamwita dirishani na kuinua picha kwenye mwanga. Yonathani hakuhitaji kuelezwa mengi. Mfupa wa paja ulishuka laini kama mpini wa jembe, kisha karibu na goti ukachafuka. Ukingo wake ulikuwa umeliwa, na pembeni imechomoza nje miale myembamba, kama ufagio wa chelewa uliochakaa.

"Hii ni saratani ya mfupa," alisema Bibi Daktari. "Nitakata kipande kidogo, nikipeleke Dar es Salaam wakithibitishe. Lakini nimeshaziona, na wewe ulipokuwa hapa nilikuonyesha mojawapo."

"Ulinionyesha," alisema Yonathani.

"Ugonjwa huu ukitoka mfupani hukimbilia kifuani. Ndiyo maana nimepiga na kifua. Kama ungekuwa umefika huko, kumkata mguu kungekuwa kumtesa bure. Picha ya kifua ni safi. Lakini picha haioni vitu vidogo sana." Alishusha karatasi ile nyeusi. "Ungeniletea mapema ningekuwa na maneno mengine. Sasa dawa ni kukata mguu, juu kabisa."

Jibu la Dar es Salaam lilipofika lilikuwa vilevile. Anastazia akaenda kumweleza Ferista, akarudi kwa Yonathani amekunja uso.

"Amekataa. Anasema mguu haukatwi kwa sababu ya kitu kitakachotoka chenyewe. Anasema baba yake ni mganga wa hospitali, na baba yake amesema kitatoka."

Yonathani alitamani ardhi ipasuke. Maneno yake, ya ovyo kabisa, yalikuwa yamehifadhiwa na mtu kuliko yalivyostahili, na sasa yangemuua. Hakuna mwingine wa kuyafuta. Akavua kofia, akaenda sokoni.

Alirudi na kuku jike mwekundu kwapani. Alipita mbele ya ofisi, akapita mbele ya Bibi Daktari, ambaye alifungua mdomo na kuufunga, akaingia wodi ya wanawake. Ferista alivuta khanga usoni. Wagonjwa wengine wakainuka kwenye mito.

"Mama zangu," Yonathani aliwaambia, "naomba muwe mashahidi. Huyu ni mke wa mwanangu. Nampa kuku huyu. Kuanzia leo hakuna mwiko kati yetu." Akamweka kuku kwenye blanketi, akamshika mabawa asiruke. "Jifunue, mwanangu."

Ilichukua muda. Khanga iliposhuka, Yonathani aliuona uso wa mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi. Ulikuwa umekonda, na ulikuwa wa kitoto kuliko alivyodhani.

"Taja jina langu," alisema.

"Baba."

"Jina langu lenyewe. Lile la kwetu."

"Fupa."

"Ndicho kinachokuuma. Mfupa unaumwa, Ferista. Hakuna kijiti cha kuni, hakuna kitakachotoka. Mimi nilisema kitatoka kwa sababu sikukutazama."

"Najua hukunitazama," alisema Ferista. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Pazia lilikuwa fupi. Nilikuwa naiona miguu yako. Kila nikija nilikuwa nasema moyoni, leo atasogea."

Yonathani aliinama, akamtazama kuku. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mtu mzima, aligeukia ukutani ili amsitiri.

"Nikikatwa nitapona?" aliuliza Ferista.

"Daktari anasema huenda. Usipokatwa hutapona kabisa."

"Kwa nini huenda?"

"Kwa sababu ugonjwa umepewa muda."

Hakuuliza umepewa na nani. Akampapasa kuku kichwani kwa kidole kimoja, akasema, "Mwambieni akate."

Alikatwa. Kidonda kikapona vizuri, seremala wa misheni akamchongea magongo mawili, na kahawa ilipoanza kuiva Ferista alirudi Mbebe. Ezron naye alikuwa amerudi kutoka migodini, na alipomwona mkewe anashuka kwenye lori alilia waziwazi mbele ya watu. Kisha akaja kwa baba yake, akapiga magoti na kumshika mikono.

"Asante, baba. Wangapi hawana baba dresa? Kama si wewe kumkimbiza hospitali, leo ningekuta kaburi."

Ferista alikuwa amesimama pale, ameegemea magongo yake. Alimwangalia Yonathani, kisha akaangalia ulezi. Alimsitiri kama alivyozoea kumsitiri, na Yonathani akaipokea ile asante, akaimeza nzima.

Tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Jioni, akitoka zahanati na kusikia magongo yakigonga njia kwenye kona ya shamba, alikuwa ni Yonathani anayetumbukia majanini. Mzee mzima mwenye koti jeupe, anachuchumaa katikati ya magugu mpaka mkwe wake apite. Watu walimwona na kusifu. Tazameni unyenyekevu wa Fupa, walisema, anampisha binti kwa sababu ya mguu. Hakumpisha mtu. Alishindwa tu kumtazama.

Aliendelea hivyo hadi mvua za kwanza. Siku hiyo magongo yalikuja, yakafika usawa wake, yakasimama. Akiwa ameinama kati ya majani yaliyolowa, akasikia kikohozi. Kilikuwa kifupi, kikavu, kisichotoa kitu, na kilirudi tena na tena.

"Baba Fupa," alisema Ferista, akilitamka jina taratibu na wazi. "Toka huko. Ulinipa kuku ili unikimbie?"

Alitoka, magoti yamejaa tope.

"Kikohozi hicho kina muda gani?"

"Tangu tulipoanika kahawa ya mwisho. Nilikuja zahanati. Enesi akasema umetokea mlango wa nyuma."

Kweli alikuwa ametokea mlango wa nyuma. Alikuwa ameyasikia magongo. Yonathani alifuta mikono kwenye koti, akatangulia njiani kurudi zahanati, akitembea polepole, safari hii ili asimwache. Alifungua mlango, akamkalisha kwenye benchi, upande wa mwangani. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni, hakuligusa.

Akamtazama kwanza. Aliona mabega yanavyopanda na kushuka, na upande mmoja ukichelewa. Akamgusa mgongo kwa kiganja, akagonga juu ya kidole chake kushoto na kulia kama alivyofundishwa, na upande mmoja ukatoa mlio mzito, kama debe lenye maji. Akauliza: unapata homa, unatoa damu, usiku unalala. Akaweka mpira wa kusikilizia, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa ameshasikia. Ilibaki dawa. Aligeukia kabati, akaangalia makopo yake yote, na dawa haikuwemo.

"Umesikia nini?" aliuliza Ferista.

Angeweza kusema baridi. Angeweza kusema mvua hizi, utakunywa maji ya moto, kitatoka. Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mdomoni, tayari, yamezoea njia.

"Nitakupeleka kwa Bibi Daktari apige picha," alisema. "Lakini nimesikia."

"Ni ule wa mfupa?"

"Ndiyo, mwanangu. Ni ule wa mfupa. Umefika kifuani."

Ferista aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari aliyokuwa nayo. Alipanga magongo yake vizuri ubavuni.

"Ezron hajui," alisema. "Anafikiri wewe ndiye uliyeniokoa. Nimenyamaza, kwa heshima yako. Sasa nimechoka kuwa na heshima."

Nje Ezron alikuwa anakuja na mwavuli kumfuata mkewe. Walimsikia akipiga mluzi, halafu akijikung'uta tope mlangoni. Akaingia anacheka, akamwamkia baba yake kwa mikono miwili, akauliza mbona wamekaa kimya.

"Kaa, Ezron," alisema Yonathani.

Ezron akakaa kando ya mkewe. Yonathani alibaki amesimama, akaanza kumweleza alichokifanya, kuanzia kwenye pazia.